Nilivyokwenda Bugarama Kuamua Kesi ya Mguu

Simu mbili ndizo zilizonitoa Nyamirambo, na zote mbili zilipigwa asubuhi moja kabla sijainjika hata chai. Ya kwanza ilikuwa ya wifi yangu Esperansi, mke wa mdogo wangu Idrisa, akilia kwamba dawa za Kichina zinamwozesha mume wake mguu. Ya pili ilikuwa ya mjomba wetu, Mzee Haruna, akiapa kwamba mguu huohuo unaozeshwa na hospitali. Wote wawili walitaka jambo moja tu: nipande basi, niteremke Bugarama, nimwambie yule mwingine kwamba ni mjinga.

Kwa ninyi majirani zangu msiomjua Idrisa, yeye ni masoni, fundi wa kuta. Nasema masoni, si mtu wa kuziba nyufa za banda la kuku. Ni yule anayepanda juu kabisa ya jukwaa kufunga kozi ya mwisho chini ya paa, anatembea juu ya ubao mmoja huku anapiga mluzi, na wapita njia wanasimama kumtazama. Kwa mluzi ule alipata mke, akapata jina, akapata na maadui. Majuma matatu kabla ya simu zile alikuwa anamjengea baba mkwe wake choo, kiukuta ambacho mbuzi angekiruka, akaanguka akavunjika muundi. Nilicheka, sisemi uongo. Mtu kapanda maghorofa ya Kamembe hakuteleza, aje kuvunjikia chooni kwa mkwewe!

Kicheko kiliniisha niliposikia yaliyofuata. Hospitali walikuwa wamemfunga platre, lile gamba jeupe gumu linaloushika mfupa usicheze, na sasa gamba linanuka na mguu unapinda. Masoni asiyeweza kupanda jukwaa ni mtu gani? Idrisa ana watoto wanne na hajui kazi nyingine yoyote duniani.

Mtauliza kwa nini niitwe mimi, mwenye kibanda cha chakula, nisiyejua hata kufunga kidonda. Ni kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa Uchina. Wachina walipokuwa wanatengeneza barabara kule msitu wa Nyungwe, mimi nilikuwa mpishi kambini kwao. Nilijifunza kusema kwa lugha yao "kula", "moto" na "chumvi hakuna", na nilimwona kwa macho yangu msimamizi aliyekwama mgongo akichomwa sindano nyembamba na kusimama wima. Nikafanya kosa la kulisimulia hilo arusini. Tangu siku hiyo, mtu wa kwetu akiguswa na kitu chochote chenye harufu ya Uchina, simu inalia kwangu. Hata Esperansi alinitaka kwa sababu hiyohiyo, maana mimi nikisema dawa ya Mchina ni uongo, nani atabisha?

Nyamirambo hakuna siri, na habari ya safari yangu ilizunguka mtaa kuliko mimi mwenyewe. Jirani wa maandazi akaleta samli ya zamani ya kuchulia. Bwana wa duka la simu akaleta kichupa cha mafuta ya Kichina chenye picha ya chui, akaniapia kwamba yamemponya goti. Mzee mmoja wa msikitini akaleta maji ya zamzam, na binti anayesomea uuguzi akanipa vidonge vya maumivu, akasema hivyo vingine vyote ni uchafu nivitupe. Nilifika stendi ya Nyabugogo nimebeba duka la dawa la kila madhehebu.

Basini nilikaa karibu na dirisha, nikafanya kosa la pili: nilimwambia jirani yangu wa kiti ninakokwenda na kwa nini. Kabla hatujafika Huye basi zima lilikuwa limegawanyika. Mama mmoja nyuma yangu akasema mume wake alipasuliwa hospitali akawekwa chuma, na kila mvua ikinyesha chuma kinamwambia mapema. Mzee wa mbele akasema shangazi yake alichomwa sindano za Kichina akacheza ngoma wiki hiyo hiyo. Dereva alikuwa upande wa sindano, na kwa kubishana akapitiliza mahali pa kujisaidia, tukateseka mpaka Nyamagabe. Katika kelele zote zile, hakuna hata mmoja aliyeuliza mfupa wa Idrisa umevunjikaje.

Ndani ya Nyungwe ubishi ulipoa kwa sababu ya kona na baridi. Nilipatambua mahali kambi yetu ilipokuwa. Pameota majani. Nikamkumbuka daktari wa kambi, Daktari Gao, mtu mfupi asiyecheka, aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza vibarua, kwa hiyo alijua maneno ya kazi tu: leta, weka, vunja, bado, rudia. Nilikuwa nimesikia kwamba barabara ilipokwisha hakurudi kwao, kapanga chumba Kamembe anatibu watu. Nilimweka akilini.

Alasiri tulitoka msituni, tukapita Giheke, mashamba yakishuka kuelekea ziwani, na baada ya muda mfupi tukawa Kamembe. Stendi nilipokewa na tai. Nyuma ya tai alikuwa Mzee Haruna. Mjomba wangu huyu amelima mpunga maisha yake yote, miguu yake inalijua tope kuliko viatu, lakini tangu ajiunge na watu wauzao dawa za Kichina kwa makopo, haendi hata sokoni bila tai. Hakuniruhusu niende zangu Bugarama. Alisema lazima kwanza nione ofisi, ili nikahukumu kwa ujuzi.

Ofisi ilikuwa chumba cha juu ya duka la misumari. Kijana mwenye suti akanishikisha kijiti cha chuma kilichofungwa waya kwenye kompyuta, akaniambia nitulie, mashine inasoma mwili. Nikatulia. Mashine ikasoma kwamba ini langu limechoka, damu yangu ni nzito, na tezi dume yangu imevimba. Nikamuuliza kijana kama ana hakika na hilo la mwisho. Akasema mashine haijawahi kukosea. Nikamwambia sawa, nitamfikishia mume wangu, mwenyewe yuko Nyamirambo. Mzee Haruna akapatwa na kikohozi.

Nikauliza basi Mchina mwenyewe yuko wapi, nimsalimie. Kumbe hapakuwa na Mchina. Hajawahi kukanyaga pale. Mchina wa karibu alikuwa kwenye picha ukutani, ameshika kikombe cha chai.

Tuliteremka Bugarama kwa pikipiki mbili, mimi mbele, mjomba nyuma yangu na tai yake ikipepea begani. Gashonga ni migomba na mihogo pande zote, na akina mama wakipanga maharagwe barabarani. Rwimbogo joto likaanza kunijia usoni kidogo kidogo, na tulipofika bondeni lilikuwa limenivaa lote. Bugarama ni mpunga upande huu na saruji upande ule. Kuna kiwanda, kuna vumbi lake, na hakuna nyumba isiyo na mtu aliyewahi kubeba, kusaga, kuchanganya au kumimina saruji. Mtoto wa kule anajua kipimo cha mchanga kabla hajajua kuhesabu.

Idrisa alikuwa barazani, amelazwa kwenye godoro, mguu umeinuliwa juu ya gunia la mpunga na kufunikwa gunia jingine. Harufu ilinipokea kabla yake. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alijaribu kunipigia mluzi kama afanyavyo akiniona, ukatoka upepo mtupu.

Baraza lile lilikuwa na mpaka. Upande wa kulia wa godoro ulikuwa wa Esperansi: vidonge vya hospitali, chupa ya maji safi, picha ya Bikira Maria. Upande wa kushoto ulikuwa wa mjomba: makopo, majani ya chai, na mabandiko meusi yenye harufu ya kafuri, ambayo alikuwa akiyasukuma ndani ya platre kwa kijiti cha mwavuli. Esperansi akaniambia mabandiko yale ndiyo yaliyoilainisha platre. Mjomba akaniambia platre ndiyo iliyoziba joto la dawa, kwa maana hospitali wanaufunga mfupa kama mfungwa, Mchina anaulisha. Nikabonyeza gamba kwa kidole. Kidole kilizama kama kwenye ugali. Nimeona watu wengi wenye platre, na sijaona hata moja inayobonyea.

Nilipouliza kwa nini hawakurudi hospitali harufu ilipoanza, wote walimtazama Idrisa, naye akatazama ukuta. Baadaye, wengine walipokwenda kula, alinishika mkono, akaniita Yaya, yaani dada, kama tulipokuwa wadogo.

"Yaya, bakinusa hii harufu, batakata. Usibaache banikate muguu."

Nikamwambia hakuna atakayekata kitu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua lolote. Nililala nikiwa na hasira na mjomba, nikiwa na hasira na Esperansi, na hukumu sikuwa nayo.

Alfajiri, baada ya kuswali, nilisikia maji yakimwagika barazani. Nikadhani wanafua. Nikatoka. Nikawaona Esperansi na mjomba wangu, hao hao ambao jana hawakuweza kukaa kwenye benchi moja, wamesimama bega kwa bega juu ya mguu wa Idrisa. Mmoja ana ndoo, mwingine ana birika. Wanamimina taratibu, kwa zamu, kwa mapenzi, kuanzia gotini hadi kisiginoni. Kati yao amesimama rafiki wa Idrisa, Papa Olivier, mtu wa kiwandani mwenye kope nyeupe kwa vumbi, anaonyesha kwa kidole mahali palipobaki pakavu. Maji yakikwisha, wanalifunika gamba kwa gunia lililoloweshwa ili jua lisilikaushe.

Nikauliza wanafanya nini. Papa Olivier akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Tunaipa platre mayi, Maman Zubeda. Asubui na mangaribi. Sima yenye haikunywa mayi inapasuka."

Ndugu zangu, kama kuna msomaji ambaye hajawahi kujenga: zege likimiminwa lazima limwagiliwe maji siku nyingi, lifunikwe, ndipo liwe gumu. Hiyo ni kweli tupu, na kila mtu wa Bugarama anaijua. Platre ya hospitali si saruji, hiyo wanayoiita sima, ni kitu kingine, nayo ikinywa maji inageuka uji. Hiyo pia ni kweli tupu, na Bugarama nzima ilikuwa haijaisikia.

"Na daktari aliwaambia muimwagie?" nikamuuliza Idrisa.

"Alisema isiguse mayi," akajibu, bila aibu hata chembe. "Lakini Yaya, yule ni muntu wa mifupa. Kazi ya sima najua mimi."

Akanieleza kwa urefu. Alikuwa amelala pale hospitali akiwatazama wanavyofanya kazi. Aliona unga mweupe, akaona maji, akaona unavyoshika, akausikia unavyopata joto mguuni vilevile saruji inavyopata joto inapokaza. Halafu wakamwambia aende nyumbani, kwenye jua la Bugarama, bila kumwagilia hata kikombe. Aliona ni vijana wa mjini, wana haraka, kazi yao hawaimalizii. Akaamua kuwasaidia. Wenzake wote walipokuja kumjulia hali walikubali, na kila aliyekuja alikuja na ndoo. Mkewe wa hospitali alikubali, mjomba wa Uchina alikubali. Katika nyumba ile ya vita, jambo moja tu liliwapatanisha wote, nalo ndilo lililokuwa linamla mguu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia neno lolote juu ya anayevunjika guu kwanza, ndipo akaacha kusikia. Nilichukua ndoo nikaimwaga kwenye mgomba, nikachukua na birika. Nikawaambia kilicho kweli, na nikawaambia na matusi kidogo ambayo mwenye wudhu hapaswi kuyasema. Esperansi akakaa chini akalia. Papa Olivier akasema pengine walizidisha kipimo.

Sasa ikabaki kumrudisha hospitali, na Idrisa akakataa katakata. Alishika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili. Ndipo nilipomtaja Daktari Gao. Mjomba akafurahi, kwa sababu ni Mchina. Esperansi akafurahi, kwa sababu alijua Mchina wa kweli atamwaibisha mjomba. Idrisa akaiachia nguzo, kwa sababu Mchina hana msumeno.

Saa nne tulikuwa Kamembe tena, Idrisa amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, mguu mapajani mwa mkewe. Chumba cha Daktari Gao kiko uchochoroni nyuma ya mafundi cherehani. Kitanda kimoja, sindano ndani ya maboksi, na rafu ya vikombe vya kuumika, chuku zetu zilezile walizozijua babu zetu, ila hizi za kioo. Amezeeka. Alinitambua kwa kusema, "Chumvi hakuna." Hiyo ndiyo salamu yangu, nimeipokea.

Alimwambia Idrisa atoe ulimi, akautazama mpaka nikaona haya. Akamshika mapigo mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, kimya, macho amefumba. Akamuuliza kama analala, kama anakula, kama anaota. Idrisa alinitazama kwa fahari. Kule hospitali, alininong'oneza, hakuna aliyeuliza kama anaota. Na hapo, nikiri, Mchina anawashinda wale wengine mbali sana: ukivunjika mguu, kwake unabaki mtu mzima mwenye ulimi na ndoto zako.

Mjomba akaona ndio wakati wake. Akatoa makopo yote mezani. Daktari Gao akasoma maandishi ya kopo la kwanza, akasoma la pili, akayasukuma kando kwa kidole kimoja.

"Hii ya nywele," akasema.

Mzee Haruna, ambaye kichwani hana unywele wa kuazima na alikuwa akiyanywa yeye pia, akayarudisha mfukoni moja moja.

Kisha daktari akaomba picha ya radio, ile ya mfupa iliyopigwa hospitali siku ya kuvunjika. Akaiinua dirishani. Akaupapasa mguu kuanzia goti kushuka, taratibu, juu ya gamba bovu lile. Aliponusa, nikamweleza habari ya ndoo. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika. Sijawahi kumwona akicheka kambini, na alipoondoa mikono macho yalikuwa na machozi, lakini hakuwa anacheka tena. Alimtazama Idrisa akamwambia kwa Kiswahili chake cha barabarani:

"Ukuta pinda. Sindano hapana. Vunja, jenga tena."

Idrisa akautazama mguu wake. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, mtu alikuwa amezungumza naye kwa lugha anayoiheshimu. Alikuwa amevunja kuta ngapi za wenzake zilizopinda? Akauliza nani avunje. Daktari akasema hospitali, leo. Akauliza je, wakikata?

"Msingi nzuri. Nani kata msingi nzuri?" Akamfunika shuka. "Kwanza jenga. Lipu baadaye. Baadaye kuja, mimi weka sindano, maumivu toka."

Majuma matatu Esperansi alikuwa amelia, mimi nilikuwa nimetukana, na hospitali walikuwa wamemkataza kwa lugha zote rasmi za nchi. Mchina kasema maneno kumi na Idrisa akaomba yeye mwenyewe ainuliwe apelekwe garini.

Hospitalini tulikaa foleni mpaka jua likageuka. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kila alipopata nafasi alishika kiuno kwa mkono mmoja. Alipasua gamba, likatoka kama mkate uliolowa kwenye chai. Ngozi ya chini ilikuwa nyeupe na imevimba. Akatugombeza kwa Kinyarwanda, akaendelea kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa. Hakuutazama ulimi wa mtu. Alipeleka mguu radio, akaona kwenye picha vipande viwili vya mfupa vimepishana, akajua mara moja la kufanya, saa ngapi, kwa chuma gani. Kwa hilo nampa haki yake yote. Alikuwa anaujua ule mfupa kuliko mama yetu aliyeuzaa. Mwenye mfupa ndiye alikuwa hajamwona.

Idrisa akamuuliza kama atapanda tena jukwaa. Daktari alikuwa amekwisha kufika kitanda cha pili. Nikamfuata, nikasimama mbele yake, na kwa mwili nilio nao hakupata pa kupita. Nikamwambia huyu ni masoni, anakuuliza kama atapanda jukwaa. Akageuka. Akamtazama Idrisa usoni, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Kutembea, utatembea," akasema. "Mguu utafupika kidogo. Kupanda, sitaki kukudanganya."

Idrisa akasema ahsante. Akageukia ukutani, na Esperansi akamwekea mkono mgongoni akauacha hapo.

Walimpasua siku iliyofuata, wakamweka chuma ndani ya mfupa. Hawakukata. Jioni Papa Olivier alikuja na mafundi wenzake, wamevaa mashati ya Jumapili, na mimi nikiwa mlangoni nikawapekua nione kama kuna aliyeficha chupa ya maji. Wakaonyeshwa picha mpya. Chuma kilionekana cheupe, kimenyooka katikati ya mfupa. Waliishika ile picha kwa heshima, wakapeana. Papa Olivier akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

"Sasa hapa bamefanya kazi," akasema. "Ile ya kwanza haikuwa na ferabeto."

Ferabeto ni nondo, ninyi mnaojua. Wote wakakubali kwamba kosa lilikuwa hilo, mtu huwezi kumimina bila nondo. Nilitafuta mahali pa kupigia kichwa changu.

Asubuhi ya kuondoka walinitaka nitoe hukumu, maana ndiyo iliyonileta. Mjomba alikuja bila tai. Nikawaambia daktari wa hospitali amekataza maji, daktari wa Kichina amekataza maji, kwa hiyo kesi imekwisha, na atakayeonekana na ndoo karibu na mguu huu nitamvunja wake tuone anaumwagilia nini. Nikaondoka. Kwenye ukumbi yule daktari kijana alinikimbilia, akatazama nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini: huyo Mchina wenu, anatibu na mgongo? Nikamwelekeza. Uchochoroni, nyuma ya mafundi cherehani. Akaniomba nisimwambie mtu wa hospitali, nami nikamwapia.

Njia ya kurudi nilikaa tena karibu na dirisha. Mtu akaniuliza natoka wapi, nikasema arusini.

Hapa Nyamirambo mmenisumbua miezi minne mkiuliza dawa ipi ilishinda. Nimejifunza kwamba hospitali wakuone mfupa na Mchina akuone mtu, na ukiwa na bahati unawapata wote wawili kabla hujaoza. Nimejifunza pia kwamba dawa zote mbili zilikuwa hazina ugomvi. Aliyetushinda ni mtu anayejua kazi yake vizuri mno, akadhani ni kazi ya kila mahali. Huyo hana daktari, wa bara lolote. Sikio la kufa halisikii dawa.

Juzi Idrisa alinipigia. Mguu umeunga. Nilimpa hongera, nikasikia nyuma yake Esperansi akisema ni hospitali, Mzee Haruna akisema ni mabandiko, na sauti ya Papa Olivier, pole pole, ikisema tusisahau ule msingi wa maji ya kwanza. Sindano za Daktari Gao zimemtoa maumivu, analala. Nikamuuliza kazi je.

Akanieleza. Jukwaani hapandi tena. Mguu mmoja ni mfupi, na ubao hauchukui mtu anayeyumba. Lakini mkubwa wao wa kazi ni mtu mwema, alisema hawezi kumtupa fundi kama yule, akamtafutia kazi ya chini. Amempa mpira wa maji. Kila asubuhi na kila jioni mdogo wangu anachechemea kuzunguka nyumba ambazo wenzake wanajenga juu, anamwagilia zege.

"Yaya," akaniambia, "tangu nianze, hakuna hata moja yenye imepasuka."